Sera ikibadilika mwalimu naye hubadilika: Nani anabaki mbele ya watoto wetu?

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi, hapa mtaani kwetu Mpendae, mzee mmoja alinishika mkono tulipokuwa tunatoka msikitini akaniambia: "Maalim, hebu nifahamishe. Skuli anayosoma mjukuu wangu ina walimu wanne wa Dini na Kiarabu. Walimu wa Kiswahili ndio usiseme, vipindi wanagombania. Lakini Hisabati tangu mwaka uanze keshabadilishiwa mwalimu mara tatu, na huyu wa sasa ni kijana wa kujitolea. Nyinyi walimu mmeingiwa na nini?"

Nilicheka, kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa hao anaowasema. Nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nilimjibu kwa ufupi kwamba sisi hatukujipanga wenyewe, tumepangwa. Mzee hakuridhika, na kusema kweli hata mimi jibu langu halikuniridhisha. Ndiyo sababu nimeona nilichukue suala lake nilifanye somo la wiki hii.

Ndugu msomaji, tunapozungumzia mabadiliko ya sera ya elimu, mara nyingi tunatazama mwanafunzi: atasoma miaka mingapi, kwa lugha gani, atafanya mtihani gani. Ni wachache wanaojiuliza sera ile ile inamfanya nini mwalimu. Na hapa sikusudii mshahara wake tu, ingawa huo nao una maneno yake. Nakusudia jambo la msingi zaidi: ni nani anayepewa ruhusa ya kuitwa mwalimu, ametoka wapi, ni mwanamke au mwanamme, anajua nini, na ni nani anayeambiwa "wewe sasa basi". Kila sera inapogeuka, jeshi la walimu nalo hugeuka sura, japokuwa katika waraka wa sera yenyewe jambo hilo huenda halikutajwa hata kwa mstari mmoja.

Jambo hili si geni katika historia ya Uislamu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka wa Kikureshi waliojua kusoma na kuandika na hawana mali ya kujikombolea, waliwekewa sharti la kuwasomesha kuandika watoto kumi wa Madina kila mmoja, na huo ndio uwe ukombozi wao. Zayd bin Thabit (r.a.), ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa wahyi, anatajwa miongoni mwa waliojifunza kwa njia hiyo. Hebu tutafakari. Hawa walikuwa washirikina, tena waliokuja kupigana. Lakini haja ya umma wakati ule ilikuwa ni kusoma na kuandika, na wenye ujuzi huo walikuwa wao. Uamuzi mmoja tu ukamfanya adui wa jana awe mwalimu wa leo.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake kidogo. Waziri wa Maseljuki, Nidhamul-Mulk, alifungua madrasa yake kubwa ya Nidhamiya mjini Baghdad mwaka 1067. Aliwawekea walimu mishahara na wanafunzi posho, yote kutokana na wakfu. Jambo la kheri bila shaka, na Imam Ghazali mwenyewe alisomesha hapo kuanzia mwaka 1091. Lakini wakfu ule ulikuwa na sharti: nafasi ni za watu wa madhehebu ya Shafi. Kwa hiyo mwanachuoni wa Kihanafi au wa Kihanbali, hata awe bahari ya elimu, pale hana kiti. Tena inasimuliwa kwamba maulamaa wa nchi za mbali za Mawaraun-Nahr walipopata habari za madrasa zile walikaa matanga ya kuiomboleza elimu, wakisema kuwa sasa itatafutwa na wenye kutaka mshahara. Sisi watu wa Unguja, ambao karibu sote ni Mashafi, huisoma habari hii kwa furaha kwa kuwa sharti lilikuwa upande wetu. Tungekuwa Mahanafi tungeisoma vingine.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya kuja skuli za serikali, mwalimu hapa kwetu alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto walikaa kwenye majamvi nyumbani kwake, wakafundishwa juzuu, na waliokusudia zaidi wakajifunza kuandika, hata Kiswahili chenyewe, kwa herufi za Kiarabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ikafungua skuli yake mjini, na mwaka 1907 Mwingereza Rivers-Smith akakabidhiwa idara ya elimu. Shauri likakatwa kwamba Kiswahili cha skuli kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Watu wengi hulitazama jambo hili kama suala la herufi tu. Lakini mtazame mwalimu wa chuo siku ile. Alilala hali ya kuwa ni msomi, akaamka akiwa hajui kusoma kwa mujibu wa serikali. Hakusahau kitu usiku ule. Kilichobadilika ni kipimo.

Wazee wa shamba nao hawakukaa kimya. Walipoona skuli haina Qur'ani walizuia watoto wao, na madarasa yakawa matupu. Serikali ikalazimika baadaye kuwarudisha walimu wa Qur'ani kupitia mlango wa nyuma, wakiwa wanalipwa na skuli lakini wako chini ya walimu wenye vyeti. Hapa ndipo ulipozaliwa mgawanyo ambao hadi leo tunaishi nao: mwalimu wa "masomo" na mwalimu wa "dini". Wachache waliuvuka. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali, na wanaomjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani tu huwa hawajui kwamba alikuwa mwalimu wa darasani kwanza.

Mwaka 1927 ikafunguliwa skuli ya serikali ya wasichana mjini. Wazazi hawakukubali mabinti zao wasomeshwe na wanaume, kwa hiyo serikali ikahitaji walimu wanawake, na hawakuwapo. Ikabidi watengenezwe. Wasichana wa mwanzo waliomaliza ndio waliogeuka walimu wa waliofuatia, na ualimu ukawa kazi ya mshahara ambayo familia ya heshima ya mjini iliweza kumruhusu binti yao aifanye. Nani alikusudia hilo? Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akasema tuwape kazi wanawake wa Zanzibar. Lakini ukiingia leo katika chumba cha walimu cha skuli yoyote ya msingi hapa mjini utaona matunda yake: akina mama wamejaa, na wanaume unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Skuli za jumuiya za Kihindi na za mishionari zikataifishwa, na Septemba 23 mwaka ule ule Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Idadi ya watoto ikapanda kwa ghafla, na wakati huo huo walimu Waingereza wakaondoka, na wengi wenye asili ya Kiarabu, Kihindi na Kingazija wakaondoka vile vile, wengine kwa hofu. Kwa hiyo mlango ukafunguliwa kwa watoto na walimu wakatokea mlango mwingine. Pengo likazibwa na vijana waliokuwa wenyewe wametoka skuli juzi, na walimu wageni kutoka nchi rafiki za kisoshalisti. Wazee wetu wengi wa leo walisomeshwa na kijana aliyewazidi miaka mitano au sita. Wako waliotoka wakiwa walimu hodari mno, kwa sababu zama zile ualimu ulikuwa na heshima na kijana alijitahidi. Chuo cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1952 nacho kilifungwa baada ya Mapinduzi, kikarudi mwaka 1972. Kwa miaka hiyo yote ya katikati hapakuwa na mahala rasmi pa kumtengeneza mwalimu wa Dini na Kiarabu.

Bara nao walipita njia hiyo hiyo mara mbili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, waliomaliza Darasa la Saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini ili kila mtoto apate nafasi, na jina la "mwalimu wa UPE" likabaki kuwa kejeli hata kwa waliokuwa wazuri. Shule za sekondari za kata zilipochipuka katika miaka ya 2000, vijana wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya muda mfupi tu wakaingizwa madarasani, na wananchi wakawaita "Voda Fasta". Utaona kwamba kila mara sera inapofungua mlango kwa wanafunzi bila kuandaa walimu kabla, anayebeba aibu ni yule kijana aliyeitika wito, na mwandishi wa sera hapewi jina lolote.

Nije kwenye zama zetu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 1991 iliruhusu tena watu binafsi na jumuiya kufungua skuli. Kutokana na mlango huo, mwaka 1998 tulipata Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na Chuo cha Elimu pale Chukwani, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kikaanza mwaka 2001, na baadaye Chuo cha Ualimu cha Nkrumah pale Beit el Ras kikaingizwa ndani yake. Kabla ya hapo, Mzanzibari aliyetaka shahada ilimbidi avuke bahari. Wengi wetu, na hasa dada zetu, tusingesoma lau si vyuo hivi.

Lakini tuseme na upande wa pili. Vyuo vilipofunguka, sisi vijana tulikimbilia wapi? Tulikimbilia tulipokuwa tumeandaliwa. Aliyetoka madrasa na ana Kiarabu chake alichukua Dini na Kiarabu. Aliyefeli Hisabati Kidato cha Pili alichukua Kiswahili na Historia. Wa Fizikia na Hisabati walikuwa wachache, na hata hao wachache wakihitimu huchukuliwa na mabenki na makampuni ya simu. Mimi nilipomaliza nilikaa muda mrefu nikijitolea katika skuli moja ambayo sitaitaja, nasomesha vipindi vingi kuliko walioajiriwa, na nauli natoa mfukoni mwangu. Mwenzangu mmoja aliyesoma Hisabati aliajiriwa kabla vumbi la mahafali halijatulia. Nilimuonea wivu, sikatai. Lakini kosa la nani? Nilipojaza fomu ya chuo hakuna mtu aliyeniambia kwamba serikali inataka walimu wa masomo gani.

Kisha ikaja Sera ya 2006, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndiyo inayomgusa mjukuu wa yule mzee. Sera hii ilielekeza mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyotikisa walimu. La kwanza ni kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. La pili ni kwamba elimu ya maandalizi, miaka miwili, iwe sehemu rasmi ya elimu ya lazima.

Katika la kwanza, mfikirie mwalimu wa msingi aliyeingia kazini miaka ya 1980. Alisoma Hisabati kwa Kiswahili, akafundishwa ualimu na kusomesha kwa Kiswahili kwa miaka ishirini na zaidi, na sehemu anazijua mpaka usingizini. Akaambiwa sehemu ile ile aiseme kwa Kiingereza. Akapelekwa semina katika vituo vya walimu, na wako waliofaidika. Lakini wengi walifanya mambo mawili: ama waliomba kuhamia madarasa ya chini ambako Kiswahili kinabaki, au waliomba masomo mengine. Kwa hiyo mtu aliyejua Hisabati akaondoka kwenye Hisabati kwa sababu ya Kiingereza, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana ambaye Kiingereza anakiweza na Hisabati anababaisha. Ndiyo yale yale ya mwalimu wa chuo na herufi za Kirumi, miaka mia moja baadaye.

Katika la pili, kuna habari ambayo wengi hawaijui au wameisahau. Skuli nyingi za maandalizi hazikuanzishwa na wizara. Zilianzia madrasa. Mpango wa madrasa za watoto wadogo ulianza Mombasa mwaka 1986 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na ufadhili wa Taasisi ya Aga Khan, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jumuiya ya mtaa au kijiji ilitoa chumba, ikachagua akina mama miongoni mwao, na hao wakafundishwa jinsi ya kukaa na watoto wadogo, kutengeneza vifaa kwa vifuu, vizibo na makokwa, na kusomesha Qur'ani pamoja na hesabu za mwanzo. Wengi wao hawakuwa na cheti kikubwa. Mwaka 2006 vikaja vile vituo vya Tucheze Tujifunze, tulivyovizoea kwa jina la TuTu, ambako masomo yalitoka kwenye redio na mlezi wa mtaani akawaongoza watoto. Hawa nao walikuwa watu wa kijiji, wengi wanawake.

Sasa maandalizi yakishakuwa rasmi, swali linafuata lenyewe: mwalimu rasmi ni nani? Lazima awe na stashahada, lazima asajiliwe. Ni haki, kwa sababu mtoto wa miaka minne anastahiki mwalimu aliyesoma. Lakini yule mama wa Kizimkazi au Micheweni aliyeibeba kazi hii kwa miaka kumi na tano kwa posho isiyotosha hata sabuni, afanywe nini? Wako waliopelekwa kusoma wakapanda, na hilo ni la kupongezwa. Wako waliokwama kwenye sifa za kuingilia chuo, kwa kuwa hawana ufaulu wa Kidato cha Nne, na sasa wanasubiri kuambiwa asante. Anayekuja badala yao ni msichana wa mjini mwenye stashahada. Huyo akifika shamba hupanga kwa mwaka mmoja, kisha akaolewa au akaomba uhamisho wa kumfuata mumewe Mjini, jambo ambalo kisheria na kidini huwezi kumlaumu. Darasa la shamba linabaki bila wa zamani na bila wa mpya.

Kuna wanaodhani dawa ni kulazimisha. Kenya walijaribu kuwahamisha walimu nje ya maeneo yao kuanzia mwaka 2018, familia zikatawanyika, malalamiko yakazidi, na baada ya miaka michache wakaanza kuwarudisha. Uganda nao katika sera yao ya walimu ya mwaka 2019 wametaka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Ni lengo zuri kulisoma. Ila tuwe wakweli: kwetu hapa mwalimu wa msingi akipata shahada, jambo la kwanza analoomba ni kwenda sekondari. Shahada imekuwa ngazi ya kuikimbia skuli ya msingi. Mpaka mwenye shahada anayesomesha Darasa la Kwanza aheshimiwe na alipwe sawa na wa Kidato cha Nne, tutazidi kuwasomesha walimu wetu ili watuondokee.

Nina jambo jingine linalotuhusu sisi wa madrasa, na nalisema kwa tahadhari. Skuli za ghorofa zimejengwa kwa wingi miaka ya karibuni, na nia ni kuondoa mikondo miwili ili watoto wote wasome asubuhi. Alhamdulillah, kwani mkondo wa jioni ulikuwa mateso. Lakini ikumbukwe kuwa mikondo miwili ndiyo iliyokuwa ikitupa walimu wa madrasa. Mwalimu aliyesomesha skuli asubuhi alikuwa huru alasiri, na mwalimu wa mkondo wa jioni alisomesha Qur'ani asubuhi. Siku ya skuli ikirefuka, pamoja na masomo ya ziada yanayokula mpaka saa kumi, mtoto anafika madrasa amechoka na mwalimu anafika amechoka zaidi, au hafiki kabisa. Nimeshuhudia madrasa mbili hapa Ng'ambo zikihamishia masomo usiku baada ya Magharibi, na mara wazazi wa watoto wa kike wakaanza kuwaondoa. Kamati zetu za misikiti zinatakiwa zikae na walimu wakuu kabla ratiba haijapangwa. Kulalamika baada ya ratiba kubandikwa ukutani hakusaidii.

Basi siku ya pili yake nilimtafuta yule mzee nikamueleza yote haya, kwa urefu kuliko nilivyoandika hapa, kwani tulikuwa na kahawa. Alisikiliza vizuri. Mwishoni akaniuliza: "Haya, mjukuu wangu wa kwanza wa kike yuko Fomu Tatu, anataka kuwa mwalimu wa Dini kama wewe. Nimwambie nini?"

Nikamwambia asiache Dini, lakini akazanie na Hisabati, na atafute chuo kitakachomkubalia kuyachukua yote mawili. Mzee akauliza kama kipo. Nikamjibu kwamba kwenye ratiba za vyuo vyetu masomo haya huwa yamewekwa katika vitivo tofauti, vipindi vinagongana, na kwa hivyo mwanafunzi hulazimishwa kuchagua moja. Akanitazama. "Kwa hiyo hata huyu atapangwa?" Nimemuahidi kuwa Jumatatu nitakwenda Chukwani na Tunguu kuuliza, na msichana tutafuatana naye, aulize mwenyewe.